Mlinzi wa Mbegu Aliyekufa kwa Njaa

Kila mwaka jarida letu hutenga kurasa chache za maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufa. Walionitangulia wameandika juu ya mashujaa wa uhuru, wanariadha na watunzi wa vitabu. Mimi nilipopewa nafasi hii nilimchagua Mrusi mmoja ambaye huenda wengi wenu hamjapata kumsikia. Jina lake ni Nikolai Ivanovich Vavilov. Alikuwa mwanasayansi wa mimea, mtumishi wa serikali, mtu wa tai na kofia, na kazi yake kubwa ilikuwa kukusanya mbegu. Najua mtauliza, mbegu? Ati mbegu tu? Tulieni. Kabla sijaanza kisa chake yanibidi nikiri kosa langu, maana bila kosa hilo nisingemjali mtu huyu hata kidogo.

Mwaka wa 2022 ulikuwa wa kiangazi kikali kwetu Ukambani. Misimu ya mvua ilikuwa imepita mmoja baada ya mwingine bila tone la maana. Mimi na binamu yangu tulikuwa kwa nyanya wakati wa likizo. Siku moja nyanya alidamka kwenda kwa chifu kupanga foleni ya chakula cha msaada, nasi tukabaki nyumbani na njaa yetu. Juu ya meko, pale moshi unapopita, palining'inia mahindi ya mbegu na maganda yake. Kando yake palikuwa na kibuyu cha kunde zilizochanganywa na jivu ili zisiliwe na wadudu. Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Basi tulipukuchua, tukaosha, tukachemsha, tukala tukashiba.

Nyanya aliporudi jioni na unga wake kidogo aliona magunzi uani. Sisi tulingoja kiboko. Hakutupiga wala hakutugombeza. Aliketi kwenye kigoda, akaegemeza shavu mkononi, akanyamaza mpaka giza likaingia. Baadaye mama ndiye aliyenieleza kwamba kunde zile nyanya alikuja nazo alipoolewa. Alipewa na mama yake, naye mama yake alipewa na wake, na hakuna duka lenye kunde kama zile. Siku hiyo nilijiona mdogo kuliko sisimizi.

Jambo hilo nilitembea nalo moyoni mpaka nilipofika kidato cha tatu. Mwalimu wetu wa Kilimo alikuwa akitufundisha uteuzi wa mbegu, akamtaja Vavilov kwa dakika tatu hivi, kisha akaendelea na somo lake. Dakika zile tatu zilinitosha. Tangu hapo nimemtafuta mtu huyu kila nilipopata kitabu, na haya ndiyo niliyoyapata.

MWANA WA MFANYABIASHARA

Vavilov alizaliwa Moscow mwezi wa Novemba mwaka wa 1887. Baba yake alizaliwa katika jamii ya wakulima maskini kijijini, akahamia mjini, akapanda ngazi polepole mpaka akawa mfanyabiashara wa vitambaa. Mtoto huyu alipokuwa na umri wa miaka minne hivi, njaa kubwa iliipiga Urusi, ile ya 1891 na 1892, ikaua mamia ya maelfu ya watu. Nyumba yao ya mjini haikukosa mkate, lakini habari za njaa hazikuwa ngeni kwa watu waliotoka shambani.

Baba alitaka wanawe waurithi uchuuzi wake, akawapeleka katika shule ya biashara. Lakini moyo wa mtu ni msitu. Mdogo wake, Sergei, alifuata fizikia, naye Nikolai mwaka wa 1906 akaingia katika Taasisi ya Kilimo ya Moscow. Utafiti wake wa kumalizia masomo, msicheke jamani, ulihusu konokono wasio na nyumba wanaotafuna mimea mashambani na bustanini. Kumbe msomi mkubwa naye huanzia chini ya majani!

Mwaka wa 1913 alipelekwa Uingereza kusoma chini ya William Bateson, yule aliyeipa elimu ya jenetiki jina lake. Ilikuwa elimu changa wakati huo. Ilifundisha kwamba sifa za mmea au mnyama hurithiwa kwa kanuni maalumu, kama tunavyojifunza leo katika Baiolojia tukichora vile visanduku vya njegere za Mendel. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka wa 1914 alirudi kwao.

Katikati ya vita hivyo, mwaka wa 1916, serikali ilimtuma Uajemi, nchi tuiitayo Iran. Askari wa Urusi waliokuwa huko walikuwa wakila mkate kisha wanalewalewa na kuugua bila kunywa pombe. Vavilov aliichunguza ngano ya huko akakuta imechanganyika na gugu lenye sumu, lile gugu linalofanana na ngano ambalo wasomaji wa Biblia wanalijua katika ule mfano wa mpanzi na adui yake. Pia palikuwa na ukungu ulioharibu nafaka. Kazi ilipokwisha hakurudi moja kwa moja. Alipanda milima ya Pamir kutafuta ngano na rai za milimani, kwenye njia nyembamba zilizoning'inia juu ya mabonde. Hapo ndipo ulipoanza ugonjwa wake wa kupenda safari, nao haukupona mpaka siku aliyokamatwa.

MBIO ZA MBEGU

Mwaka wa 1917 alikuwa profesa katika mji wa Saratov, kando ya mto Volga. Likumbukeni jina hilo, Saratov, maana tutarudi huko. Mwaka wa 1920, katika mkutano wa wataalamu mjini humo, alitoa nadharia iliyowafanya watu wasimame kumpigia makofi. Alionyesha kwamba mimea iliyo ndugu hubadilika kwa mifululizo inayofanana. Ukikuta ngano yenye masuke ya ndevu na isiyo na ndevu, nyekundu na nyeupe, ya kuwahi na ya kuchelewa, basi tazamia kuikuta mifano hiyohiyo kwa rai, ndugu yake. Usipoiona, itafute, huenda iko mahali fulani. Mliosoma Kemia mtakumbuka jedwali la Mendeleev, lenye nafasi wazi zilizongoja elementi ambazo hazijapatikana. Waliomsikiliza Vavilov walimlinganisha na huyo Mendeleev.

Mwaka uliofuata aliitwa Petrograd, mji ulioitwa Leningrad kuanzia 1924 na ambao leo ni Saint Petersburg, kuongoza idara ya serikali ya mimea. Msidhani alikaribishwa kwa zulia jekundu. Nchi ilikuwa imetoka kwenye mapinduzi na vita vya wenyewe kwa wenyewe, mji una baridi, kuni hakuna, chakula hakuna. Kwenye bonde la Volga njaa ya 1921 na 1922 iliua watu wapatao milioni tano. Serikali mpya ilitaka mtu wa kuilisha nchi, na Vavilov aliamini kwamba jibu limo ndani ya mbegu.

Hoja yake, msomaji, ilikuwa rahisi hata nyanya yangu angeielewa bila kusomewa. Ngano moja huvumilia ukame lakini huzaa kidogo. Nyingine huzaa sana lakini kutu ya majani huimaliza. Ya tatu hustahimili kutu, nayo iko kwa mkulima mmoja huko milimani ambaye hajui kwamba ana dhahabu. Mtaalamu akizipata zote tatu anaweza kuzizalisha pamoja mpaka apate moja yenye sifa zote. Asipokuwa nazo atazalisha nini? Kwa hiyo kwanza ni kukusanya, tena kukusanya kabla hazijapotea.

Basi akafunga safari. Mwaka wa 1924 alizunguka Afghanistan, karibu kilomita 5,000 kwa farasi na kwa miguu, akapewa nishani na Chama cha Jiografia cha Urusi. Mwaka wa 1926 na 1927 alizunguka nchi za Bahari ya Kati: Aljeria, Tunisia, Moroko, Lebanoni, Siria, Palestina, Ugiriki, Italia, Uhispania, Ureno. Huko Siria malaria ilimpiga, lakini aliendelea kukusanya. Baadaye alikwenda Uchina ya magharibi, Japani, Korea, Meksiko, Guatemala, Peru, Bolivia, Brazili na Ajentina. Waliofanya kazi naye walisimulia kwamba alilala saa nne au tano tu, na akiulizwa sababu ya haraka yote hiyo alijibu kuwa maisha ni mafupi. Alijifunza lugha nyingi ili azungumze na wakulima wenyewe. Kwenye soko la kijiji aliwauliza wauzaji mbegu hii imetoka wapi, hupandwa lini, hupikwaje. Yaani profesa mzima alikuwa mwanafunzi wa akina mama wa sokoni!

Safari iliyonigusa zaidi ni ya jirani zetu, Uhabeshi. Aliingia kupitia Djibouti mwishoni mwa 1926, akakutana na Ras Tafari, ambaye baadaye mwaka wa 1930 alitawazwa kuwa Mfalme Haile Selassie. Ras alimwalika wakazungumza, akataka sana kujua habari za mapinduzi ya Urusi na yaliyompata mfalme wa huko. Bila shaka kila mtawala huuliza hilo! Kisha Vavilov akapata ruhusa, akaondoka na msafara wa nyumbu kupanda nyanda za juu hadi Eritrea. Alishangaa. Katika mashamba madogo ya wakulima wa huko alikuta aina za ngano ngumu na shayiri ambazo hakuziona kwingine. Alikuta hata ngano ngumu isiyo na ndevu, mfano mmojawapo uliotazamiwa na nadharia yake ya Saratov. Kwetu Kenya hakufika. Lakini aliihesabu Uhabeshi kuwa moja ya vitovu vya mimea ya chakula duniani, na miongoni mwa mimea ya kitovu hicho alitaja kahawa, mtama, teff na wimbi. Mkinywa uji wa wimbi kesho asubuhi hapo bwenini, mkumbukeni.

Kuhusu hivyo vitovu, hiyo ndiyo nadharia iliyomjengea jina. Mwaka wa 1926 alichapisha kitabu juu ya vitovu vya asili ya mimea ilimwayo, akapewa Tuzo ya Lenin. Aligundua kwamba utajiri wa aina za mimea haukutawanyika ovyo duniani. Umejaa mahali pachache, hasa milimani: Uchina, India, Asia ya Kati, Mashariki ya Karibu, nchi za Bahari ya Kati, Uhabeshi, Meksiko na Amerika ya Kati, na milima ya Andes huko Amerika ya Kusini. Hayo ndiyo maghala ya kwanza ya wanadamu, na walinzi wake ni wakulima wadogo.

Kufikia mwaka wa 1940 taasisi yake mjini Leningrad ilikuwa na sampuli zipatazo 250,000 za mbegu na mimea. Hazina kama hiyo haikuwepo kwingine duniani. Na hapa nataka tubishane kidogo na wahenga. Wanasema akiba haiozi. Akiba ya mbegu huoza! Mbegu ni kitu hai. Ukiiweka miaka mingi uwezo wake wa kuota hufifia. Kwa hiyo kila pakiti ilibidi itolewe baada ya miaka kadhaa, ipandwe, ivunwe upya, irudishwe. Vavilov alikuwa na vituo vya majaribio sehemu mbalimbali za nchi kwa kazi hiyo. Kutunza mbegu si kuficha, ni kupanda tena na tena.

ASANTE YA PUNDA

Alipanda cheo mpaka juu. Mwaka wa 1929 alikuwa rais wa kwanza wa Chuo cha Lenin cha Sayansi za Kilimo. Lakini mwaka huohuo serikali ya Stalin ilianza kuwanyang'anya wakulima mashamba yao na kuwaingiza katika mashamba ya pamoja kwa nguvu. Mavuno yalianguka, nafaka ikachukuliwa, na njaa ya 1932 na 1933 ikaua mamilioni. Serikali haikutaka kujilaumu. Ilitaka mbegu mpya zenye mavuno makubwa, tena upesi, ndani ya miaka michache. Vavilov alijua kwamba kuzalisha aina mpya ya ngano huchukua miaka kumi au zaidi. Mmea haujui amri ya wizara.

Ndipo akatokea Trofim Lysenko. Alikuwa mwana wa mkulima kutoka Ukraine, aliyezaliwa 1898, mwenye maneno mengi. Alidai kwamba ukilowesha mbegu na kuzitia baridi kabla ya kuzipanda utapata mavuno ya ajabu. Loo, ahadi zilimwagika! Kila moja iliposhindwa alileta nyingine. Baadaye alikana jeni kabisa, akasema mmea hurithisha yale uliyofunzwa na mazingira, hata kwamba aina moja ya mmea huweza kugeuka nyingine. Magazeti yalimsifu, na mwaka wa 1935 Stalin mwenyewe alimshangilia mkutanoni.

Hapa sitamficha Vavilov. Yeye ni mmoja wa wale waliompa Lysenko nafasi hapo mwanzoni, akimsifu na kumpendekeza, pengine kwa kuwa alipenda kijana wa shambani ainuliwe. Alichelewa kuona. Alipoona, hakunyamaza. Kuanzia 1936 alisimama mikutanoni akaitetea jenetiki mbele ya watu waliomzomea. Baadhi ya wenzake walikuwa wanakamatwa na kuuawa. Mwaka wa 1938 Lysenko alikikalia kiti cha urais wa chuo kile alichokianzisha Vavilov. Mwaka wa 1939 wanajenetiki wa dunia walikutana Edinburgh, nao walikuwa wamemchagua Vavilov kuwa rais wa mkutano wao, lakini serikali yake ilimkataza kwenda. Mwaka huohuo aliwaambia wenzake kwamba hata wakipelekwa motoni hawataikana imani yao. Mimi niliposoma hapo nilifunga kitabu kwanza, nikajiuliza kama ningethubutu. Sisi wengine tunaogopa hata kumwambia kiranja ukweli.

Tarehe 6 Agosti 1940 alikuwa safarini Ukraine ya magharibi, akikusanya mimea kama kawaida yake. Jioni ilikuja gari nyeusi yenye watu waliosema anatakiwa haraka Moscow. Aliondoka nao. Wenzake walipoufungua mfuko wake walikuta masuke ya ngano ya kale aliyoyaokota siku ileile. Ndiyo mavuno yake ya mwisho.

Walimshtaki kwamba ni jasusi wa Uingereza na kwamba alikuwa akiharibu kilimo cha nchi kwa makusudi. Fikiri, msomaji! Mtu aliyeizunguka dunia kutafuta chakula cha watu wake anaambiwa kazi yake ni kuwatia njaa. Alihojiwa mara 400 hivi, usiku kwa mchana. Tarehe 9 Julai 1941 mahakama ilimhukumu kifo katika kesi ya dakika chache. Wajerumani walipokaribia Moscow, wafungwa walihamishwa, naye akapelekwa wapi? Saratov. Mji uleule ambao miaka 21 nyuma ulimpigia makofi.

Alifungwa katika chumba kidogo cha chini ya ardhi pamoja na wasomi wengine waliongoja kuuawa. Humo alikuwa akiwafundisha wenzake elimu ya mimea ili siku ziende. Mwaka wa 1942 hukumu ilibadilishwa kuwa kifungo cha miaka 20. Mwaka huohuo Royal Society ya London ilimchagua kuwa mwanachama wake wa kigeni, bila kujua yuko wapi. Mkewe, Elena Barulina, naye mwanasayansi wa mimea, alikuwa amekimbia vita na mtoto wao akaishi Saratov hiyohiyo. Hakujua. Alijinyima akawa anatuma vifurushi vya chakula Moscow, kumbe mumewe yuko mitaa michache kutoka kwake akidhoofika kwa njaa. Vavilov alikufa katika hospitali ya gereza tarehe 26 Januari 1943, akiwa na umri wa miaka 55. Alizikwa katika kaburi la wengi, bila jina.

NJAA KATIKATI YA CHAKULA

Kisa hakijaisha. Wakati yeye yuko gerezani, majeshi ya Ujerumani yaliuzingira mji wa Leningrad tangu Septemba 1941 hadi Januari 1944, siku 872. Wakazi waliokufa ni mamia kwa maelfu, wengi kwa njaa. Katika majira ya baridi ya 1941 mgao wa mkate kwa raia wa kawaida ulishuka hadi gramu 125 kwa siku, tena mkate uliochanganywa na vitu visivyoliwa.

Na katikati ya mji huo lilisimama jengo la taasisi ya Vavilov, limejaa tani za mchele, ngano, mahindi, njegere, karanga. Picha na sanamu za makumbusho makubwa zilikuwa zimehamishwa kwa treni, lakini sehemu kubwa ya mbegu ilibaki. Wafanyakazi walizibakiza nazo. Viazi walivichimba shambani nje ya mji huku mizinga ikilia, wakavileta kwenye ghala la chini na kuchoma chochote walichopata ili visigande. Panya walipovamia, walihamishia mbegu katika makopo ya bati na kulinda kwa zamu. Waliweka kanuni kwamba mtu asiingie peke yake katika chumba cha mbegu. Si kwa kuwa hawakuaminiana, bali walijua njaa ni nini.

Na walikufa. Dmitri Ivanov, mtunzaji wa mchele, alikufa kwa njaa, na chumbani mwake zilikutwa pakiti elfu kadhaa za mchele zikiwa salama. Alexander Shchukin, mtunzaji wa karanga, alifia mezani pake. Liliya Rodina, mtunzaji wa nafaka ya oti, naye akafa. Waliokufa hivyo hawapungui tisa. Mkuu wao wa zamani hawakujua kama yu hai au amekufa, na kumtaja tu kulikuwa hatari. Lakini walilinda kana kwamba kesho atafungua mlango na kuuliza habari za mbegu zake.

Niliposoma hayo, ndugu zangu, nilikiona tena kile kibuyu kitupu cha nyanya. Mimi nilishindwa siku moja. Wao walishinda siku mia tisa kasoro kidogo. Siandiki haya ili nijitukane. Nilikuwa mtoto na njaa si mchezo. Naandika kwa sababu siku ile niliamini kwamba mbegu ni chakula kilichosahauliwa juu ya meko. Sikujua kwamba ni chakula cha watu ambao bado hawajaketi mezani.

KIBINDO CHA SHANGAZI

Lysenko aliendelea kutawala. Mwaka wa 1948 jenetiki ilipigwa marufuku kabisa nchini mwao, na walimu wa somo hilo wakafukuzwa kazi. Lakini njia ya mwongo ni fupi, ingawa hii ilikuwa ndefu kiasi. Mwaka wa 1955 Vavilov alitangazwa kuwa hakuwa na hatia. Mwaka wa 1965 Lysenko aliondolewa katika uongozi wa taasisi ya jenetiki aliyoichukua kwa Vavilov. Leo ile taasisi ya mbegu inaitwa kwa jina la Vavilov, nayo mbegu zilizookolewa zimetumika kuzalisha aina mpya za mazao. Wazo lake limeenea. Sisi wenyewe tunayo hazina ya taifa ya mbegu kule Muguga, kaunti ya Kiambu, iliyoanza kazi mwaka wa 1988. Na tangu 2008 kuna ghala kubwa lililochimbwa katika mlima wenye barafu huko Svalbard, Norwe, ambamo nchi nyingi huweka nakala za mbegu zao, likitokea la kutokea.

Nakala! Hilo neno ndilo lililonifikisha mwisho wa hadithi yangu mwenyewe. Mvua iliporudi mwaka wa 2023 nyanya alipanda kunde za dukani kwa shingo upande. Kisha shangazi yetu, aliyeolewa ng'ambo ya mto, akaja kutusalimia. Alipoketi alifungua kibindo cha leso yake akamwagia nyanya kiganjani kunde ndogo nyekundu zenye doa jeusi. Zilikuwa zilezile. Kumbe alipoolewa naye alipewa mkono mmoja aende nao, na kila msimu alizipanda. Nyanya alizitazama kwa muda, akacheka, kisha akaniita mimi, mla mbegu, nikashike jembe.

Basi wanafunzi wenzangu, sina mahubiri marefu. Serikali ya Vavilov ilimpa ofisi, cheo na nishani, halafu ikampa shimo. Asante ya punda kweli ni mateke. Hata hivyo kazi aliyoifanya haikuwa ya serikali peke yake; ilikuwa ya kila atakayekula. Likizo ijayo mkifika kwa nyanya zenu, inueni macho juu ya meko. Ulizeni kila mbegu imetoka kwa nani, hupandwa lini, hupikwaje. Ombeni mkono mmoja, mkapande kwenu, na mwingine mmpe jirani. Mwalimu wetu wa Kilimo ameahidi kutupa tuta moja nyuma ya maabara. Kunde za nyanya nitakuja nazo muhula ujao.

Na atakayezila kabla hazijapandwa, atanitambua. Nimemaliza.